Jiwe Lisemalo

Atokaye Dar es Salaam kwenda Nyanda za Juu Kusini hupanda milima ya Kitonga kwa mashaka, kisha mji wa Iringa humpokea kwa baridi. Sisi tulifika jioni, tukakaribishwa na rafiki yetu ambaye nyumba yake haikosi kicheko. Lakini safari hii tuliikuta imepooza. Mwanawe alikuwa amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu Nairobi, na mama yake hakutaka kulisikia jambo hilo. Kila usiku alitazama katika simu picha za Garissa, ambako tarehe 2 Aprili, 2015, magaidi waliwaua watu 148 chuoni, wengi wao wanafunzi. Akilala hushtuka, akiulizwa hunyamaza.

Asubuhi kijana alitupeleka Gangilonga, jabali kubwa lililo juu ya mji, ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe lisemalo. Wazee husimulia ya kuwa Mkwawa alikuwa akija hapo kutafakari. Tukakumbuka yaliyowapata Wahehe: Agosti 1891 waliwashinda Wajerumani pale Lugalo, Oktoba 1894 ngome yao ya Kalenga ikatekwa, na mwaka 1898 Mkwawa akafa, kichwa chake kikachukuliwa Ujerumani, kisirudi mpaka mwaka 1954. Watu hawa hawakuufungia msiba wao kifuani. Waliwasimulia watoto wao, na fuvu lile limehifadhiwa Kalenga.

Siku ya pili tulipanda basi pamoja na kijana, maana alitaka kumuaga shangazi yake Mbeya. Tukaipita misitu ya Mafinga, na Makambako, na tambarare za Usangu, hata tukauona mlima Loleza umeuinamia mji.

Shangazi huyo alikuwa Dar es Salaam siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti, 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, karibu saa ile ile na lile la Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11, na Nairobi zaidi ya 200.

“Mwanangu,” alimwambia kijana, “mimi sikuumia mwili. Lakini miezi mingi, tairi la lori likipasuka nilijitupa chini. Tena wako waliotutazama kwa jicho baya sisi wavaa buibui, hali katika waliokufa walikuwamo Waislamu wenzetu. Nikawa sitoki.”

Tukamwuliza alipona vipi.

“Nilipohamia huku, jirani yangu, Mnyakyusa na Mkristo, alikuja kila jioni. Hakuniambia nisiogope. Aliniuliza niliyoyaona, akasikiliza. Kisha tukawa twaenda sokoni pamoja. Leo hatua chache, kesho zaidi.”

Usiku ule akampigia simu mama yake kijana. “Wifi, waogopa nini hasa?” Kukawa kimya kirefu. Kisha tukasikia kilio, na baada ya kilio maneno mengi. Ruhusa haikutoka. Lakini asubuhi mama alimpigia mwanawe kumwuliza kama Nairobi kuna baridi kama ya Iringa, kwa kuwa sweta lake limechakaa.

Basi, ndugu zetu, gaidi huua watu wa mahali pamoja, lakini hutaka kuzitawala nyoyo za walio mbali. Tusimsaidie kwa kuzirudia picha zake usiku kucha, wala kwa kueneza habari tusizozichunguza, jambo ambalo Sura ya Hujurati imetuonya. Tuchukue tahadhari, kama Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyomfundisha mwenye ngamia kumfunga kwanza, kisha kumtegemea Mungu. Tushike sala na kazi zetu. Mwenye kuogopa tumsikilize kabla ya kumkemea. Na usingizi ukizidi kumkimbia, tumpeleke kwa daktari, kwani hilo si upungufu wa imani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waendako, na azitulize nyoyo za mama zao. Amin.