Baiskeli ya Mkaa na Gari la Mhadhiri

Kila alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya mashariki mwa Dodoma, barabara kuu ya Morogoro hupitiwa na msafara usioandikwa katika mpango wowote wa usafiri wa jiji hili. Ni wanaume, wengi wao vijana, kila mmoja na baiskeli yake, na juu ya kila baiskeli magunia mawili au matatu ya mkaa yaliyokazwa kwa mipira. Kwenye mteremko hujiachia; kwenye mwinuko hushuka wakasukuma, vifua vimelala juu ya usukani. Wametoka vijijini usiku wa manane ili wafike mjini kabla maafisa misitu hawajaamka. Kwa miaka sita nimekuwa nikipishana nao nikiwa peke yangu ndani ya gari la viti vitano, vioo vimefungwa, nikienda kufundisha.

Sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa hoja mpaka siku mwanafunzi mmoja alipoligeuza kuwa hoja. Nilikuwa nikieleza darasani agizo la serikali lililozitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei mwaka huohuo, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nilikuwa nimefika kwenye tofauti kati ya agizo na sera, sehemu ninayoipenda, kijana aliponyoosha mkono kutoka nyuma. "Samahani Mwalimu, naomba kutoka nje ya mada kidogo. Nyumbani kwako mnapikia nini, na leo umekuja na usafiri gani?"

Darasa lilicheka. Nilimjibu kwa maneno mengi, kama wasomi wanavyojibu wasipokuwa na jibu. Jioni, nikiwa njiani kurudi, nilifanya hesabu ambayo ningemtaka mwanafunzi wangu aifanye. Kwenda na kurudi ni kilomita ishirini na nane, na gari langu, kwa mwendo wa foleni za Dodoma ya leo, hunywa lita mbili na nusu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo mbili na robo ya hewa ya ukaa. Basi kila siku ya kazi, ili kuusafirisha mwili mmoja wa mhadhiri na mkoba wake, naachilia angani karibu kilo sita. Wale wanaume wa baiskeli, ambao katika semina zetu tunawaita waharibifu wa mazingira, safari yao ya usiku kucha haichomi hata tone la mafuta.

Lakini nisijifanye mnyenyekevu kupita kiasi. Mzigo wao si mwepesi kwa nchi hii. Tanuri la kienyeji hula kilo sita hadi kumi za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa, na miti inayoingia humo, hapa nyanda za kati ambako mvua ni ya miezi minne na kiangazi ni cha miezi minane, haioti kwa haraka. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, kwa sababu makorongo ya Kondoa yalikuwa yameshameza mashamba. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili ardhi ipumzike. Wazee wa huko bado wanaikumbuka amri hiyo. Anayesema mkaa ni riziki tu ya maskini aende akasimame ukingoni mwa korongo mojawapo.

Tatizo ni kwamba gunia alilokuwa akilisukuma yule kijana lilikuwa likielekea jikoni kwangu.

Nilipolileta suala hilo nyumbani, mke wangu, ambaye ni muuguzi na hana subira na nadharia, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Baba Neema, maharage hayaivi kwa mhadhara." Mtungi wa gesi tunao, ni wa chai, mayai na uji wa asubuhi. Maharage, makande na nyama ya mfupa vyote ni vya mkaa, kwa sababu mtungi wa kilo 6 huhitaji zaidi ya shilingi elfu ishirini kwa mkupuo mmoja, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo. Ndivyo zilivyo nyumba nyingi za watumishi wa umma mjini hapa: gesi ya kuonekana na mkaa wa kushibisha. Takwimu zetu zikiuliza "je, una jiko la gesi?", sote tunajibu ndiyo.

Kilichotutoa hapo ni sufuria ya umeme ya presha, aliyoileta shemeji yangu kutoka Dar es Salaam. Inaivisha maharage kwa chini ya uniti moja ya umeme. Mke wangu aliipima kwa macho yake, akiwa amesimama mbele ya mita na karatasi, akaniambia kwa sauti ya kukerwa kwamba ni nafuu kuliko mkaa. Alikerwa, nadhani, kwa miaka aliyokwisha kuupulizia. Ingetokea mwaka 2023, wakati wa mgawo wa umeme, tungeicheka sufuria hiyo. Lakini tangu Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha, imewezekana kupanga chakula cha mchana bila kuomba dua. Bwawa hilo lina uwezo wa megawati 2,115. Sehemu ya maji yake yamepita kwanza Mtera, kwenye mpaka wa mkoa wetu, yakiwa ndani ya Ruaha Mkuu. Mti ukikatwa huku juu, udongo unaofunuka hauishii huku.

Jikoni nilishinda, au tuseme alishinda mke wangu. Barabarani mambo yalikuwa magumu zaidi.

Nilinunua baiskeli. Niliitumia kwa siku kumi na moja. Upepo wa Julai wa Dodoma, ulio baridi na wenye vumbi, haukuwa tatizo. Hata kilima hakikuwa tatizo, maana nilijifunza kushuka na kusukuma kwa kuwatazama wataalamu wa mkaa. Tatizo lilikuwa malori. Pembezoni mwa barabara hakuna njia ya baiskeli, na anayependa uhai hukimbilia mchangani kila honi inapolia. Siku ya tisa nilikuwa na miadi katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Mlinzi alinizuia langoni. "Mzee, mafundi wanapitia mlango wa nyuma." Nilipomwonesha kitambulisho aliomba radhi sana, lakini kwa baiskeli hapakuwa na pa kuiegesha. Maegesho ya magari yalijaa, na mawili kati yake yalikuwa yakinguruma bila mwenyewe, yakitunza ubaridi ndani. Siku ya kumi na moja kioo cha pembeni cha basi kilinigusa bega. Jioni ile mke wangu aliichukua baiskeli akaifungia stoo, ufunguo akauweka anakojua yeye.

Kinachoniuma ni kwamba mji huu ulichorwa kwa ajili ya baiskeli. Chama cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kuihamishia serikali Dodoma, kampuni ya wapangaji kutoka Toronto ilipewa kazi ya kuandaa ramani, na Mpango Mkuu wa Makao Makuu wa mwaka 1976 ulitaka mji wa waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi, wenye vitongoji ambavyo mtu angeweza kutembea kutoka nyumbani hadi kazini, na magari binafsi yakiwekwa nyuma ya foleni. Ulikuwa mpango wa nchi maskini iliyokuwa imetoka kupigwa na bei ya mafuta ya 1973, na uliona mbali kuliko sisi tuliokuja baada yake.

Serikali yenyewe ilikuja kwa kishindo baada ya tamko la Rais Magufuli la Julai 2016. Jiji, kwa sensa ya 2022, lina zaidi ya watu laki saba na nusu. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, kilomita kama kumi na saba kutoka katikati, na barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 ikajengwa kutoa malori mjini. Siipingi barabara hiyo. Ingekuwapo mapema huenda bega langu lisingeguswa. Nauliza tu ni karani gani atakayetembea kwenda Mtumba. Tumepanga mji ambao mtu akipandishwa cheo jambo la kwanza ni mkopo wa gari, si kwa majivuno tu, bali kwa sababu bila gari siku yake inaliwa na kusubiri.

Petroli ilipopita shilingi elfu tatu kwa lita mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 Juni mwaka ule. Nilifurahi kama kila mwenye gari. Leo najiuliza fedha hizo zingenunua mabasi mangapi. Najua jibu la wachumi, kwamba mafuta yakipanda hata nauli na nyanya hupanda, na ni jibu sahihi. Lakini mwenye shangingi la serikali hakuhitaji ruzuku, kwa kuwa hajawahi kulipia mafuta yake mwenyewe. Hapo ndipo maneno "uchaguzi binafsi" yanaponishinda. Mwenye kuchagua hachagui kwa sababu halipi, na anayelipa hana cha kuchagua.

Treni ya umeme ilinipa moyo. Tangu mwishoni mwa Julai 2024 inatufikisha Dar es Salaam kwa muda usiofika saa nne, kwa nauli ya kawaida ya shilingi 31,000, safari iliyokuwa ikimeza mchana mzima kwa basi. Nimekaa humo na wabunge, wafanyabiashara wa zabibu na wanafunzi wangu, sote tukisukumwa na maji ya Rufiji. Kisha, katika safari yangu ya tatu, nilipiga gumzo na dereva mmoja nje ya stesheni ya Dar es Salaam. Alikuwa akimsubiri mkubwa wake aliyekuwa nasi ndani ya treni. Dereva huyo alikuwa ameondoka Dodoma usiku, akiendesha gari tupu kilomita 450 ili bosi akishuka asipande teksi.

Mimi sasa hupanda daladala siku tatu za wiki. Siku mbili zilizobaki gari linabeba wanne: mimi, wahadhiri wenzangu wawili na mtunza maktaba, na mafuta tunachangiana.

Nilibaki na deni moja. Kijana aliyekuwa akituletea mkaa, Mgogo wa upande wa Chamwino, alifika Jumamosi moja kama kawaida. Tulisalimiana, nikamweleza kwamba hatutanunua tena, na kwa nini. Nilimweleza vizuri, pamoja na habari za Ruaha. Alisikiliza kwa heshima, akipangusa masizi shingoni. Kijijini kwao wanafanya Kisiki Hai, akasema. Wanakiacha kisiki kichipue, wanapogoa, mti unarudi. Yeye mwenyewe ana visiki vyake shambani na havikati. Mkaa anaukata mbali, kwenye msitu usio wa mtu.

Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu. Basi niambie kitu kingine cha kuleta, ambacho baiskeli inaweza kubeba."

Nilimtajia ubuyu, kuku, asali. Alipiga hesabu kimya, kwa vidole, akatikisa kichwa. Safari ni ileile, alisema, na ubuyu haulipi ada ya shule. Tulinunua kuku wawili juma lililofuata, na wiki mbili baadaye mmoja. Magunia yake sasa huyashusha nyumba ya pili kutoka kwetu, na tukikutana getini bado hunipa shikamoo.