Wosia kwa Wajukuu: Karatasi za Urithi

Wajukuu wangu mlioko Beni, Butembo na Kampala,

Nikifa, kabla matanga hayajaisha, atakuja mtu na karatasi ya Kifaransa na kalamu, aseme ni utaratibu tu. Naweka sharti moja: asitie sahihi yeyote asiyeweza kuwaeleza ndugu zake, kwa Kiswahili au Kinande, anatoa nini, anampa nani na kwa muda gani.

Someni vitenzi kwanza. Penye "cède", umeshaachia. Penye "renonce", umejitoa katika urithi. "Procuration", yaani hati ya kumpa mtu mamlaka kwa niaba yako, ndiyo mtakayoombwa ninyi mliokimbilia mbali: angalieni kama mnayempa ataruhusiwa kutunza na kupangisha tu, au na kuuza pia. Chini wataomba uandike kwa mkono wako "lu et approuvé", yaani umesoma na kukubali. Ukiandika hayo bila kusoma, umejishuhudia mwenyewe.

Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973, udongo ni wa Serikali. Sisi tuna haki ya kuutumia, na inathibitishwa na "certificat d'enregistrement". Parseli ya Mulekera inayo, kwa jina langu. Jina hilo likitolewa, yaingie majina ya warithi wote. Hati mpya ikipita miaka 2 bila kupingwa, ni vigumu mno kuivunja. Mtabaki kudai fidia. Shamba la kakao la Mavivi halina hati hiyo. Ushahidi wake ni mipaka, majirani, na chifu anayejua mbuzi tuliotoa kwa ajili ya shamba hilo. Nendeni kwake pamoja, mapema, wazee wanaoijua mipaka wakingali hai.

Msiwaache nje dada zenu kwa kisingizio cha mila. Sheria ya familia ya 1987 inawaweka watoto wote, wa kike kwa wa kiume, katika daraja la kwanza la warithi. Bibi yenu naye ana haki ya kukaa katika nyumba tuliyoishi. Karatasi isiyowataja hawa, hata ikijaa mihuri, irudisheni.

Ombeni nakala, mpelekeeni wakili msiyeletewa na mnunuzi, kisha ikasomwe kwa sauti mbele ya ukoo. Anayekataa kungoja hayo, mwacheni aende.

Mungu awabariki, mpendane.

Babu yenu