Masafa ya Kamsamba

Saa moja na nusu: ndio muda wa ndege baina ya Dar es Salaam na uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012; angani ni karibu kilomita 700. Nilikuwa nikienda kumzika mwenzangu wa kalamu, aliyenifasiria methali za Kinyamwanga, nikajipa moyo kuwa nitawahi. Lakini ndege haifiki Kamsamba. Toka Songwe nilipanda gari hadi Mlowo, kisha njia ya vumbi ikatuteremsha bonde la Rukwa, kuuelekea mto Momba. Nilifika usiku, kaburi limekwishafukiwa tangu alasiri. Dada yake akanipa maji, akasema, “Pole, kaka. Huku ni mbali.” Masafa ya angani huhesabiwa kwa saa. Haya ya Kamsamba, mimi mtu wa kisiwani niliyahesabu kwa udongo ambao mkono wangu haukuuwahi.