Ndoo Mbili Kila Jumatatu

Minneapolis, Jumatatu, 16 Machi 2020

Gavana ametangaza leo: kuanzia kesho saa kumi na moja jioni, baa na kumbi za burudani zifungwe kwa sababu ya korona. Tulikuwa tumeshapanga spika za onyesho la katikati ya wiki. Tumezishusha tena, watu wanne, bila maneno mengi. Nyaya nimezikunja kwa mkono, duara juu ya duara, kama nilivyofundishwa nikiwa kijana wa mitambo ya harusi kule Nakuru. Bosi alikaa kaunta akihesabu tiketi ambazo watu watataka kurudishiwa pesa. Ukumbi wetu unaingiza watu 300. Nyuma yetu hakuna kampuni kubwa. Kuna yeye, benki yake na sisi.

Jumatatu, 20 Aprili 2020

Nilipofungua mlango nikapokewa na harufu ya maji taka. Nikampigia simu fundi bomba. Akanieleza kwamba chini ya kila tundu la maji sakafuni bomba limepindwa, na katika pindo hilo hubaki maji kidogo yanayoizuia gesi isipande. Kila usiku tukipiga deki tulikuwa tunayajaza bila kujua. Mwezi mmoja bila deki, yamekauka. Nimemwaga ndoo mbili, moja nyuma ya baa, moja vyooni. Nitafanya hivi kila Jumatatu.

Bosi amesoma masharti ya mkopo wa serikali wa kulinda mishahara. Ili usamehewe deni, robo tatu ya pesa iende kwa wafanyakazi ndani ya wiki 8. Mwenye kiwanda utamfaa. Sisi tukimaliza wiki hizo mlango utakuwa bado umefungwa, na kodi ya pango iko palepale. Ndiyo maana amejiunga na NIVA, chama kipya cha kumbi zinazojitegemea. Rais wake ni Dayna Frank wa First Avenue hapa hapa mjini, ukumbi uliokuwa stesheni ya mabasi, ambamo mwanamuziki Prince alipiga picha za filamu yake ya Purple Rain.

Jumatano, 22 Julai 2020

Mjomba kapiga simu. "Mpwa wangu, sielewi. Watu hawaendi kazini, sawa. Lakini jengo lenyewe linadai nini? Jengo halili ugali."

"Linakula, Mjomba. Linakula kodi, bima, umeme, ving'ora vya moto. Linakula hata likiwa limelala."

Akanyamaza, kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe nakula. Nilimjibu ndiyo. Zile dola 600 za wiki ambazo serikali ilikuwa inaongeza juu ya posho ya wasio na kazi zinakoma mwezi huu, lakini hilo sikumwambia.

Leo muswada wa kuokoa kumbi umefikishwa Seneti na John Cornyn wa Texas, Republican, pamoja na Amy Klobuchar wa kwetu Minnesota, Democrat. Mwaka huu watu wa vyama hivyo hawakubaliani hata juu ya barakoa. Sisi tulikuwa wa kwanza kufunga na tutakuwa wa mwisho kufungua, maana kazi yetu yenyewe ni kuwakusanya watu wapumuliane. Kufungwa kwetu kunawalinda wote, na naona ni haki wote wachangie gharama yake.

Jumatatu, 28 Desemba 2020

Sheria ya kuokoa kumbi imetiwa saini jana: dola bilioni 15. Ni ruzuku, si mkopo. Ukumbi unaweza kupata asilimia 45 ya mapato yake ya 2019, na inaweza kulipia kodi ya pango. Bosi amelia kwenye simu. Nimemwaga maji yangu, nikawasha meza ya sauti nusu saa.

Alhamisi, 8 Aprili 2021

Miezi mitatu na zaidi ya kungoja, leo mfumo wa maombi ukafunguliwa. Kila kitu tayari: ramani ya ukumbi, marejesho ya kodi, mikataba ya wasanii. Sheria inataka ukumbi wa kweli, wenye jukwaa, meza ya kuchanganyia sauti, spika na taa, na watu wa kazi hizo. Nilipiga picha meza yangu, nikafuta vumbi kwanza. Katika orodha ya kazi, "fundi wa sauti" imo. Sheria ya nchi imeitaja kazi yangu.

Mfumo umekwama. Kufika jioni ulikuwa umefungwa kabisa.

Jumatatu, 26 Aprili 2021

Umefunguliwa tena. Maombi yetu yamepokelewa.

Jumatatu, 12 Julai 2021

Pesa zimeingia wiki iliyopita. Wa kwanza kulipwa ni mwenye jengo, miezi yote kwa mkupuo. Mpokea tiketi wetu wa miaka tisa hatarudi. Amepata kazi kwenye ghala na hawezi kuiacha tena kwa ahadi. Sikuwa na la kumwambia. Usiku wa kuamkia leo tulipiga onyesho la kwanza. Nilipopandisha besi, glasi za kaunta zikatetemeka, na mhudumu akazishika kwa mikono miwili bila kutazama, kama zamani.

Leo nimekwenda na ndoo zangu. Sakafu ilikuwa bado imelowa deki.