"Atakayomtengenezea": Mimi na Fundi wa Baiskeli

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha kauli ya kutendea. Nilisimama mbele ya ubao nikaandika pika, pikia, lima, limia, soma, somea, nikawaeleza wanafunzi jinsi irabu ya kiambishi inavyoifuata irabu ya mzizi, kisha nikawapa mazoezi kumi, nikasahihisha, nikaenda kunywa chai. Sikudhani kwamba nitakuwa mtu mzima mwenye mvi ndipo nije kuelezwa maana ya kiambishi hicho na mtu aliyeishia darasa la saba, tena akiwa ameshika mkononi kipande cha nondo kilichovunjika.

Nilipostaafu nilitumia sehemu ya kiinua mgongo kufungua duka la vipuri vya baiskeli mjini Kasulu. Ni chumba kimoja. Nauza matairi, mipira ya ndani, minyororo, spoku, pedeli, gololi za kupimwa kwa kiganja, na baiskeli nzima zinazofika kutoka Dar es Salaam zikiwa vipande ndani ya maboksi. Baiskeli hizi, ziwe za Kihindi au za Kichina, zimefuata sura ya ile ya Kiingereza ya zamani: magurudumu ya inchi 28, spoku 32 mbele na 40 nyuma, mpanda baiskeli ameketi wima kama karani aendaye ofisini. Hata Swala, ile iliyotengenezwa hapa nchini na ambayo vijana wa rika langu waliiota usiku, ilikuwa na umbo hilohilo. Ni baiskeli njema kwa karani.

Lakini Buha haina karani mwenye baiskeli. Huku kwetu baiskeli ni mnyama wa mizigo. Hubeba magunia ya mihogo, mikungu ya ndizi, mkaa, maharage, madumu ya mawese yanayopandishwa kutoka ukanda wa ziwa. Madumu manne ya lita ishirini ni zaidi ya kilo 70 kabla hujamhesabu mwenyewe, na njia ni mlima, bonde, mlima. Ukimuuzia mkulima baiskeli kama ilivyotoka ndani ya boksi, atarudi baada ya mavuno ya kwanza akiwa ameibeba begani.

Ndiyo maana duka langu haliwezi kuishi bila mtu wa Kibondo.

Nilimfahamu nikiwa bado kazini. Ana kibanda cha mabati na mti wa mwembe, na chini ya mwembe huo ana benchi ambalo wateja huketi kuhojiwa. Nasema kuhojiwa kwa sababu sijapata neno jingine. Swali lake la kwanza si "Una pesa kiasi gani?" Huuliza: "Utaipanda au utaisukuma?" Mtu wa mjini hushangaa. Mtu wa Mabamba au Kifura hucheka, kwa kuwa anajua kwamba baiskeli iliyojaa mzigo hupandwa kwenye mteremko tu. Kwenye mwinuko husukumwa, na anayeisukuma ana mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya mzigo. Baiskeli ya kusukumwa haihitaji tandiko zuri. Huhitaji usukani mrefu, breki zisizo na utani, na mahali pa kuchomeka fimbo. Swali la pili: "Ukienda na mihogo, utarudi na nini?" Akishajibiwa, huchukua kamba ya katani yenye mafundo akampima mteja mguu, kutoka nyongani hadi kisiginoni, kama fundi cherehani.

Kisha huikata fremu. Mara ya kwanza nilipomwona akikata fremu mpya niliyokuwa nimetoka kuinunua, moyo ulinipasuka. Hurefusha sehemu ya nyuma kwa takriban shubiri moja, ili gunia likae kati ya magurudumu badala ya kuning'inia nyuma na kuinyanyua tairi ya mbele, na ili visigino vya mwenye kukanyaga pedeli visigonge mzigo. Kwa hiyo kila baiskeli yake hula mnyororo mmoja na kipande. (Hilo, nakiri, mwenye duka hulipenda.) Mabomba ya fremu huyaunga kwa shaba iliyoyeyushwa, taratibu, kwa moto anaoutazama rangi yake. Hataki kuyachomelea kwa umeme, kwa sababu bomba jembamba likiunguzwa huwa kama kioo pembeni ya kovu. Umeme huutumia kwa nondo za keria tu. Mwisho hukaza spoku za gurudumu la nyuma, moja baada ya nyingine, akizigonga kwa kucha na kusikiliza. Washairi watanielewa nikisema kwamba anahesabu mizani arobaini, na moja ikilegea hawezi kulala.

Nilipata pia faida ya sikio. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu Wakongo, na baadaye walipoongezeka Warundi, mazungumzo ya baiskeli huku yamekuwa na majina mengi. Mrundi huiita ikinga. Mkongo, katika Kiswahili chake, huiita kinga. Siku za mwanzo mteja aliposema "nataka kinga", nilimwelekeza duka la dawa. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Yeye hutumia majina yote matatu kufuatana na anayeketi kwenye benchi, wala hajui kwamba huo ni umahiri wa lugha ambao sisi tuliusomea chuo cha ualimu.

Niseme sasa kwa nini namthamini, maana nimezunguka. Kuna mzee alitoka kijijini na pesa taslimu, akitaka baiskeli mpya. Nilimpeleka kwa Fundi nikiwa na hesabu tayari kichwani. Fundi akaikagua baiskeli kuukuu ya mzee, akaizungusha ekseli, akasema: "Baba, hii inakutosha. Nunua gololi na mpira wa ndani." Niliuza gololi. Njia nzima ya kurudi Kasulu sikumsemesha dereva wa basi wala jirani yangu kitini. Yule mzee amekuwa akinunua kwangu tangu siku ile, na hata spoku moja hakubali kuinunua kwingine, lakini siwezi kudai kwamba nililiona hilo mapema. Nilikuwa nimekasirika.

Na hasira hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye kosa. Niliona Fundi ni wa polepole na ghali, na Kibondo ni mbali. Nikanunua keria kadhaa za bei nafuu zilizochomelewa kwa haraka, nikazifunga kwenye baiskeli zilizotoka boksini, nikaziuza kama kawaida. Wateja walidhani ni kazi yake, nami sikuwasahihisha. Mimi niliyetumia kalamu nyekundu maisha yangu yote sikusahihisha. Mmoja wao alikuwa akiteremka na magunia mawili upande wa Makere, keria ikang'oka, mzigo ukamwangukia. Alivunjika mtulinga. Alimshukuru Mungu kwamba hakumbeba mtoto siku hiyo, na kila alipolirudia neno hilo nilitazama chini.

Fundi alikuja Kasulu kwa basi la asubuhi. Alikuwa amekwisha kupita kwa majeruhi. Akaiweka ile keria juu ya kaunta yangu, akaonyesha kwa kidole palipoachana.

"Mwalimu," alisema, "hiki kimebandikwa. Hakikuungwa."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi ameipokea, ila sasa anataka maandishi, kwa sababu jina lake limeumiza mtu ambaye mikono yake haikumuumiza. Nikatoa karatasi, nikaandika kwa hati yangu nzuri ya ubaoni: "Mwenye duka atamlipa fundi kwa kila fremu atakayomtengenezea." Nikamsomea. Akaniomba nirudie neno la mwisho.

"Atakayomtengenezea."

"Fremu hiyo ni ya nani, Mwalimu?"

"Ya duka."

"Na ikivunjika?"

Nikakaa kimya. Nilijua jibu, kwa kuwa lilikuwa limekaa mbele yetu juu ya kaunta: ikivunjika ni ya fundi. Kiambishi kimoja kilikuwa kimenipa mimi mali na kumwachia yeye lawama. Nimefundisha kwamba kauli ya kutendea huonyesha anayefaidika na kitendo. Sikumbuki kama niliwahi kuwauliza wanafunzi ni nani anayebaki na jasho. Na nilikuwa nikijigamba darasani kwamba fundi na mwanafunzi ni watoto wa mzizi mmoja, -funda!

Tuliandika upya. Ilituchukua mchana wote. Badala ya malipo kwa fremu tuliweka mgao wa kila baiskeli, faida na hasara. Kitu cha kwanza kuingia kwenye safu ya hasara kilikuwa gharama za matibabu ya yule wa Makere, na humo niliandika jina langu peke yangu, Fundi hakupinga. Akataka pia haki ya kukataa kipuri chochote dukani, na kupiga alama yake ya vitone vitatu chini ya fremu, karibu na pedeli, ili mteja aweze kuipinda baiskeli na kuona ni kazi ya nani. Isiyo na vitone si yake. Palipokuwa na "fundi wa duka" tuliandika "mbia".

Kikabaki kitenzi. Niliandika "kila baiskeli watakayoiunda". Fundi akakunja uso. Nikamweleza kwamba kutengeneza kunabeba mambo mawili, kufanya kipya na kurekebisha kibovu, na kwamba watu wakisikia "anatengeneza baiskeli" hufikiri viraka na gundi. Ilhali kuunda ni neno la heshima, watu wa pwani wameunda majahazi kwalo tangu zamani.

"Mimi kuunda nakusikia redioni," alisema. "Kuunda kamati. Kuunda tume. Kamati imebeba mihogo lini?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Neno limehama kutoka ufukweni likaingia kwenye vikao, na mtu wa mlimani amelikuta huko. Katika mkataba alikubali libaki kwa sababu, alisema, karatasi itakaa kabatini. Bango la dukani alikataa. Anataka neno ambalo mama mwenye madumu atalielewa akiwa anapita bila kusimama. Nimempendekezea kusuka, kwa sababu ya spoku; akasema atafuatwa na wasichana wanaotaka nywele. Nimempendekezea kuunga, akasema hilo ni la mchuzi.

Mchoraji amekwisha kuja mara mbili. Jina la duka amelimaliza kwa rangi ya bluu, na chini yake pameandikwa "Tunauza na", kisha bati jeupe, kisha "baiskeli". Atakuja tena Jumamosi. Fundi naye atashuka na basi la asubuhi, ana fremu mbili za kuleta.