Vumbi la Juu ya Tuta

Bacchiglione si mto wenye jina kubwa. Anayeizungumzia mito ya Italia huanza na Po, au Tiber kwa sababu ya Roma, na mara nyingi huishia hapo. Huu una urefu wa kilomita zipatazo 118 tu. Unaanzia kwenye chemchemi za tambarare kaskazini ya Vicenza, unaukata mji huo, unateremka hadi Padova, kisha unakutana na Brenta karibu na Chioggia na kuingia nao baharini. Pande zote mbili umezungushiwa matuta ya udongo yaliyoota nyasi, marefu kuliko mtu, na juu yake kuna njia ya changarawe nyeupe. Njia hiyo nimeishi nayo tangu mwaka 2007, na jinsi ilivyobadilika ndiyo habari yangu.

Nilikuja Padova kusoma, na kwetu Iringa jina la mji huu halikuwa geni. Shirika la madaktari la CUAMM, lililoanzishwa Padova mwaka 1950, linafanya kazi na hospitali ya Tosamaganga, na mama alikuwa muuguzi pale. Baiskeli nilikuwa nimeijua utotoni, ile Phoenix ya baba, nikipitisha mguu chini ya bomba la juu kwa sababu kiti sikukifikia. Nilipofika Padova nikanunua baiskeli kuukuu kwa mwanafunzi aliyekuwa anarudi kwao. Chumba nilichoweza kukilipia kilikuwa nje ya mji, upande wa Selvazzano, na njia fupi ya kwenda darasani ilipita juu ya tuta.

Siku hizo tuta lilikuwa la watu wachache. Kulikuwa na wavuvi wa ndoana waliokaa kimya kutwa nzima. Vuli ilipoanza wakaja wawindaji na mbwa wao. Wakulima walipitisha matrekta wakienda kwenye mahindi na soya, na majira ya kuchipua akina mama wa makamo walichuma machipukizi ya hopu za porini, ambayo huku huyaita bruscandoli, kwa ajili ya risotto. Waendesha baiskeli wenyewe, wale wa mavazi ya kubana na matairi membamba, niliwaona Jumapili wakipita kwa misururu chini, kwenye barabara ya lami. Juu hawakupanda. Vumbi lilichafua mnyororo, changarawe ilitoboa tairi, na mvua moja ilitosha kuigeuza njia kuwa utelezi. Hata nyumba za vijiji ziliupa mto mgongo: madirisha yalitazama barabara, na upande wa mto palikuwa na mabanda ya kuku na marundo ya kuni.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, mzee aliyezaliwa katika familia ya mabaharia wa mto. Alipenda nimwite Mzee, kwa Kiswahili, tangu nilipomweleza kwamba kwetu ni jina la heshima. Alikulia ndani ya burcio, mashua ya mbao yenye tumbo bapa iliyobeba mizigo na familia nzima pamoja: mama akipika nyuma, watoto wakifungwa kamba kiunoni wasitumbukie. Walibeba biti za sukari, nafaka, makaa, na mawe ya trakaiti kutoka vilima vya Euganei, mawe yale yale yaliyotandikwa katika uwanja wa San Marco kule Venezia. Kuteremka, mto ulifanya kazi. Kupanda, alifanya kazi farasi, akivuta kamba ndefu huku akitembea juu ya tuta. Mzee alinionyesha kwa mkono, “Alipita hapa hapa unapopita wewe.” Malori yaliwamaliza katika miaka ya 1960 na 1970. Vyombo vingi viliachwa vioze majini. Kwenye mto Sile, pale Casier karibu na Treviso, mbavu za mashua zilizotelekezwa bado zinaonekana zikichomoza majini, na njia ya kando yake inaunganisha mbao hizo na misitu ya matete. Mabaharia wa Battaglia Terme waliokoa walichoweza, nanga, makasia na zana za seremala wa mashua, na leo vimo katika makumbusho ya usafiri wa mto mjini kwao.

Baada ya hapo sikuweza tena kupita bila kuuliza. Nikajifunza kwamba maji haya yamepiganiwa. Mwaka 1143 watu wa Vicenza waliukata Bacchiglione pale Longare, wakayageuzia maji kwenye mkondo wa Bisatto, ili Padova ikose maji ya kusukuma vinu na ya kuelea mashua. Padova ikajichimbia njia zake: mfereji wa kwenda Battaglia kati ya 1189 na 1201, Piovego wa kwenda Stra mwaka 1209, na Brentella mwaka 1314, ulioyaleta maji ya Brenta kutoka Limena kwa siku ambazo jirani angefunga tena. Ngome ya San Martino della Vaneza, pale Cervarese Santa Croce, imesimama ukingoni kabisa kwa sababu hiyo hiyo: aliyeushika mto alishika biashara. Mtu akitoka Vicenza kwa baiskeli asubuhi anavipita vyote hivi kabla ya chakula cha mchana, na hana haja ya tiketi.

Kisha ikaja Novemba 2010. Mvua ilinyesha mfululizo juu ya milima, theluji ya mapema ikayeyuka, na tarehe 1 Bacchiglione ikaingia Vicenza. Kesho yake tuta likapasuka Ponte San Nicolò, chini ya Padova, na maji yakazifunika Casalserugo na Bovolenta. Upande wetu tuta lilihimili. Usiku ule watu wa kujitolea wa Protezione Civile, idara ya maafa, walitembea juu yake na tochi, wakimulika mteremko wa upande wa mashamba. Walikuwa wakitafuta mahali ambapo maji yanabubujika kutoka ardhini yakileta mchanga, kwa maana mchanga ukitoka, tuta linaliwa kwa ndani. Wakipata, huizunguka chemchemi hiyo kwa mifuko ya mchanga hadi maji yapande ndani yake na uzito wao uizuie. Mzee alisimama dirishani hadi alfajiri, buti zikiwa miguuni. Mimi nilijua kuanzia usiku ule kwamba njia yangu ya changarawe ni paa la ukuta, na kwamba nyuma ya ukuta huo tunalala sisi.

Mabadiliko yalianza polepole, na yalianzia kwenye baiskeli yenyewe. Katika miaka ya 2010 zikaanza kuonekana baiskeli zenye usukani uliopinda kama wa mbio, lakini zenye matairi mapana yenye vijino, breki za diski na gia nyepesi. Zilitengenezwa kwa ajili ya njia ambazo lami haijafika, au ilifika ikaishia. Huko Toscana, tangu 1997, tamasha la L'Eroica la baiskeli za zamani lilikuwa limekwisha kuwafanya Waitalia wazionee fahari barabara zao nyeupe za vumbi. Sasa fahari hiyo ikawa na chombo chake. Na sisi wa mkoa wa Veneto tulikuwa karibu na jiko: Campagnolo, kiwanda kilichoanzishwa Vicenza mwaka 1933, kilitoa Septemba 2020 mfumo wake wa kwanza wa gia kwa ajili ya changarawe, wenye gia 13 nyuma. Reli ya zamani ya Treviso kwenda Ostiglia, iliyojengwa kwa mahitaji ya jeshi na kupigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, ikaanza kugeuzwa kipande kwa kipande kuwa njia ya baiskeli, sehemu kubwa ikiwa ya changarawe iliyoshindiliwa, ikiivuka Brenta juu ya daraja lake la reli.

Lakini kilichowapandisha watu juu ya tuta ni korona. Kifo cha kwanza cha ugonjwa huo nchini Italia kilikuwa cha mtu wa Vo', kijiji cha vilima vya Euganei, tarehe 21 Februari 2020; kwetu ni jirani. Mwezi Machi mkoa wa Veneto uliamuru kwamba matembezi ya mazoezi yasizidi mita 200 kutoka nyumbani. Mita 200 zangu ziliishia katikati ya ngazi za tuta. Niliukaribia mto kiasi cha kuusikia bila kuuona. Tarehe 4 Mei mlango ulipofunguliwa, kila mtu alitaka hewa, na hewa ilikuwa juu. Serikali ikatoa ruzuku ya kununua baiskeli, asilimia 60 ya bei hadi euro 500, kwa wakazi wa miji mikubwa, na madukani baiskeli zikaisha. Nilikutana juu ya tuta na watu wa mtaa wangu ambao kwa miaka mingi niliwajua kwa vioo vya magari yao tu.

Miaka miwili baadaye dunia ikaja. Tarehe 8 na 9 Oktoba 2022 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa baiskeli za changarawe yalifanyika kwetu, yakianzia Vicenza na kumalizikia Cittadella, mji ambao Padova iliuzungushia ukuta wa duara mwaka 1220. Wanaume walikwenda kilomita 194, na sehemu kubwa ya tambarare ilikuwa matuta na njia za mito. Walishinda Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa na Gianni Vermeersch wa Ubelgiji. Nilisimama na kaka mmoja Mkenya anayefanya kazi ghalani Padova. Hatukupiga kelele sana. Wiki sita tu kabla, tarehe 27 Agosti, Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa Team Amani, alikuwa amefariki mashindanoni Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba mchezo huu unaweza kuwa wa kwetu. Tangu 2021 Wakenya wana mashindano yao ya changarawe Maasai Mara, na wageni huja kushindana nao nyumbani kwao. Kundi lilipopita mbele yetu likatutia vumbi, kaka yule akasema, “Sule angewasumbua hawa.” Nami naamini hivyo.

Nimeulizwa na ndugu zangu Iringa, tena kwa mshangao wa haki, inakuwaje watu wenye fedha za lami watake vumbi. Dada yangu ni mkunga. Anajua maana ya gari la wagonjwa kukwama kwenye matope ya Machi, na mama alijua kabla yake. Sitamwambia mtu yeyote wa Tosamaganga kwamba vumbi ni zuri. Barabara ya hospitali iwekwe lami, hata kesho. Vumbi la hapa linapendeza kwa sababu mita 500 kutoka tuta kuna barabara inayopitika mwaka mzima, na mgonjwa hapiti juu huku. Asiyeitaja barabara hiyo ya pili anawadanganya wasomaji wake.

Kwa tuta lenyewe, hata hivyo, nina msimamo. Sasa nyumba zimeanza kugeuka: pale palipokuwa na banda la kuku pana meza za mvinyo na mahali pa kuegesha baiskeli, na vibao vya njia vimejaa. Nafurahi, maana kijiji kinachouangalia mto wake hakiutupii takataka. Lakini pamoja na umaarufu yamekuja maombi ya kulainisha njia, kuitia lami, kuipanua. Sikubaliani nayo. Lami huleta mwendo wa kasi, na mwendo wa kasi humfukuza mtembea kwa miguu, mvuvi na bibi wa bruscandoli. Zaidi ya hapo, tuta linahitaji kuonekana. Ufa, mteremko uliobonyea, tundu la mnyama, vyote hujulikana mapema kwenye nyasi zilizofyekwa na njia iliyo wazi.

Adui mkubwa siku hizi ni nutria, mnyama kama panya wa majini, mkubwa kama paka, aliyeletwa kutoka Amerika Kusini kwa biashara ya manyoya na kutapakaa mashambani. Anachimba mashimo ndani ya matuta. Mzee kabla ya kufariki alinifundisha kuyatambua: udongo mbichi karibu na usawa wa maji, na njia nyembamba ya nyasi zilizolala inayoelekea hapo. Nikawafundisha wenzangu ninaopanda nao baiskeli Jumamosi. Tukiona shimo tunapiga picha, tunaandika mahali lilipo, tunaituma kwa Genio Civile, ofisi inayosimamia matuta. Majira ya baridi yaliyopita tulituma picha ya shimo pana kuliko ndoo, chini ya Selvazzano, kwenye kona ambapo mto unalisukuma tuta kwa nguvu zaidi. Wakaja na mashine ndogo, wakalifukua, wakalijaza udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka na kulishindilia. Njia ilifungwa kwa siku chache. Trekta na baiskeli zote zikapita chini, kwenye lami.