Shaba yetu, baruti ya wengine

Hapa Manika shaba ni mshahara, tena ni vumbi la barabarani. Wachache wanakumbuka kwamba ni risasi pia.

Kule Bunkeya, leo ndani ya jimbo letu la Lualaba, mafundi wa Mwami Msiri walisubu risasi za shaba kwa mikono. Bunduki zilijazwa kwa mdomo: mtu anapima baruti, anaishindilia kwa kijiti, ndipo anatia risasi. Akizidisha kipimo, bunduki inaweza kumpasukia usoni.

Risasi waliweza kujitengenezea. Baruti ilitoka mbali, Benguela na pwani ya mashariki, na bei yake ilikuwa pembe za ndovu na watu waliouzwa utumwani. Wasanga walipoasi, njia zikafungwa, baruti ikapunguka. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na Kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs.

Ganda la risasi za leo, kwa kawaida, ni shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Malori yanatoka Kolwezi yakielekea Kasumbalesa. Wazazi na vijana wa Manika, nani kati yetu anajua shaba hiyo inakwenda kutengenezwa kitu gani?